Ikulu zisisubiri mapinduzi ndipo zifunguliwe kwa wananchi

Oktoba 10, 2019, marais kadhaa wa ukanda huu walikutana Addis Ababa kwa shughuli ambayo si ya kawaida kwao. Hawakwenda kusaini mkataba wala kusuluhisha vita. Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, aliwaita washuhudie akifungua ikulu ya zamani ya Mfalme Menelik ili mtu yeyote mwenye tiketi aweze kuingia na kutembea bustanini. Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alikuwepo. Rais Yoweri Museveni wa Uganda alikuwepo, na Salva Kiir wa Sudan Kusini naye alikuwepo. Walitembezwa, wakapigwa picha, wakatoa pongezi. Kesho yake mwenyeji wao akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kisha kila mgeni akapanda ndege kurudi kwake, kwenye ikulu ambayo mwananchi wake huiona kwa mbali, kupitia uzio, tena bila kusimama muda mrefu.

Jambo hilo linafaa kujadiliwa sasa kwa sababu nchi nyingi za Afrika Mashariki zimejenga au zinajenga ikulu mpya. Tanzania ilizindua Ikulu ya Chamwino, Dodoma, Mei 20, 2023. Burundi ilikabidhiwa ikulu mpya na China mwaka 2019. Ethiopia yenyewe inajenga makao makubwa katika vilima vya Yeka, mradi unaojulikana kwa jina la Chaka, ambao gharama yake imezua maswali mengi ndani na nje ya nchi hiyo. Majengo mapya yakishapata wenyewe, yale ya zamani yanabaki na viwanja vyake, miti yake na historia yake. Swali ni nani atayarithi.

Ikulu ya Menelik, ambayo Waethiopia huiita Gebbi, ipo juu ya kilima katikati ya Addis Ababa. Mji huo ulianzishwa mwaka 1886, baada ya Taytu, mke wa Menelik, kuvutiwa na chemchemi za maji moto za Filwoha zilizopo chini ya kilima hicho. Kutoka hapo Menelik alitawala Ethiopia yote kuanzia mwaka 1889, na kutoka hapo alipanga safari ya kwenda Adwa, ambako jeshi lake liliwapiga Waitalia Machi 1, 1896. Anayeingia leo hukuta nyumba aliyolala mfalme, chumba chake cha kusalia na mnara mdogo aliokuwa akiutumia kuuangalia mji ukikua chini yake. Hayo ni majengo ya mbao na mawe, yenye veranda pana, ambayo hayamtishi mtu. Anayetarajia fahari ya Ulaya atashangaa kuona jinsi yalivyo ya kawaida.

Kitu kikubwa pale ni ukumbi wa karamu. Menelik aliujenga ili alishe watu. Siku za karamu walianza wakubwa, wakafuata askari kwa zamu, wakimaliza kundi moja linaingia jingine, hadi wakafikiwa watu wa chini kabisa. Walikula nyama mbichi na kunywa tej, pombe ya asali, kwa maelfu. Inafaa kulikumbuka hilo kila linaposemwa kwamba kumwingiza mwananchi ikulu ni mtindo wa kigeni. Katika Gebbi, ugeni ulikuwa ni kumzuia, na kuzuia huko kulikuja baadaye.

Kulikuja hasa na utawala wa kijeshi wa Derg. Septemba 12, 1974, Mfalme Haile Selassie aliondolewa madarakani na kutolewa katika ikulu yake nyingine akiwa amekalishwa kiti cha nyuma cha gari dogo la Volkswagen. Mengistu Haile Mariam na wenzake wakaifanya Gebbi kuwa makao yao. Chini ya jengo la kiti cha enzi, katika vyumba vya ghala, wakawafungia mawaziri, majenerali na watu wa ukoo wa kifalme. Usiku wa Novemba 23, 1974, watu wapatao 60 waliuawa kwa amri moja, bila kufikishwa mahakamani, akiwemo aliyekuwa Waziri Mkuu, Aklilu Habte-Wold. Mfalme mwenyewe alifia mikononi mwa utawala huo Agosti 1975. Taifa liliambiwa ni ugonjwa. Mwaka 1992, Derg ikiwa imeshaanguka, mabaki yake yalipatikana yakiwa yamefukiwa ndani ya eneo la ikulu, na hakuzikwa kwa heshima hadi Novemba 2000. Mengistu alikwishakimbia tangu Mei 1991, akipitia Nairobi kwenda Zimbabwe, ambako alipewa hifadhi.

Kwa miaka yote hiyo waliokuwa wakipita barabara ya jirani walitazama mbele tu. Ndiyo maana siku lango lilipofunguliwa, wapo waliokwenda si kwa ajili ya maua. Walikwenda kuona chumba.

Na chumba wanaonyeshwa. Hapo ndipo Ethiopia inastahili sifa. Mgeni hupita katika ukumbi wenye kiti cha enzi, akaiona sanamu ya nta ya Haile Selassie, kisha huteremka chini na kuambiwa kwamba hapa ndipo watu walipofungwa. Fahari ipo juu na mateso yapo chini, katika jengo moja, kwa tiketi moja. Serikali nyingi zingekarabati huku juu tu na kugeuza huku chini kuwa stoo.

Bustani nazo zinavutia. Zimepandwa miti na maua ya asili ya nchi hiyo, kuna vibanda vya mikoa vinavyoonyesha utamaduni wa kila upande, na kuna simba wa Kihabeshi wenye manyoya meusi. Familia huja na watoto. Maharusi huja kupiga picha. Eneo hilo limepewa jina la Bustani ya Umoja, na hapo ndipo mtazamaji makini anapopaswa kuwa na tahadhari, kwa sababu mwaka mmoja tu baada ya uzinduzi, Novemba 2020, Ethiopia iliingia katika vita vya Tigray, na umoja uliopambwa katika vibanda vile ulipasuka kwa gharama ya maisha ya watu wengi mno. Wapo pia wanaokumbusha kwamba kazi ya ukarabati ilifanyika kwa msaada mkubwa wa Umoja wa Falme za Kiarabu, kwamba mwaka 2024 sehemu kubwa ya mtaa wa kale wa Piassa ilibomolewa ili kupanua barabara na kupendezesha mji, na kwamba Mei 2019, miezi michache kabla ya uzinduzi, ukumbi uleule wa Menelik ulitumika kwa chakula cha jioni cha harambee ambacho kiti kimoja kiliuzwa birr milioni 5. Askari wa Menelik walikula pale bure.

Yote hayo ni kweli na hayapaswi kufichwa. Bustani nzuri haimfanyi mtawala kuwa mwema. Hata hivyo, ukweli mwingine hauondoki. Ofisi ya Waziri Mkuu imebaki kwenye kilima hichohicho. Abiy hakupinduliwa ndipo lango likafunguliwa. Alilifungua akiwa bado ndani, na mwananchi anayemchukia anaweza kukata tiketi, akaingia, akatazama.

Hilo ndilo geni katika ukanda huu. Afrika Mashariki haina uhaba wa majumba ya watawala yanayotembelewa. Kasoro ni kwamba karibu yote yalifunguliwa baada ya mwenyewe kuuawa au kukimbia.

Chukua Kigali. Katika eneo la Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, ipo nyumba aliyoishi Rais Juvénal Habyarimana. Leo ni makumbusho, na tangu mwaka 2018 inatumika pia kwa maonyesho ya sanaa. Wageni huonyeshwa vyumba vya siri, kanisa dogo la ndani ya nyumba, ukumbi wa starehe, na bustanini bwawa ambalo waongoza wageni husema lilikuwa la chatu wa rais. Kisha hupelekwa hadi ukutani, na kwa upande wa pili huona vipande vya ndege. Ni ndege iliyodunguliwa usiku wa Aprili 6, 1994, ikiwa na Habyarimana na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka Dar es Salaam katika mkutano wa viongozi wa ukanda huu. Ilianguka kando ya nyumba yenyewe. Usiku huohuo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Mtanzania anayesimama pale hawezi kusema hiyo ni historia ya jirani tu. Safari ile ilianzia kwake. Lakini wakati Habyarimana yu hai, ni Mnyarwanda gani wa kawaida aliyejua nyumba ile ina milango mingapi?

Chukua Kampala. Katika kilima cha Mengo ipo Lubiri, makao ya Kabaka wa Buganda. Mei 24, 1966, jeshi la Milton Obote likiongozwa na Idi Amin liliishambulia, na Kabaka Mutesa II akatoroka hadi Burundi, akaishia uhamishoni London, ambako alifariki mwaka 1969. Eneo likawa kambi ya jeshi. Enzi za Amin, handaki la silaha lililochimbwa ndani ya uwanja huo likawa mahabusu ya kutesea watu. Leo wageni hulipia kuingia, wakapita katika korido ya zege na kuonyeshwa maandishi yaliyobaki ukutani. Bustani iliyozunguka ni ya nyasi kijani na utulivu, na watoto wa shule hukimbia humo.

Zanzibar ni vivyo hivyo. Kasri la Sultani pale Forodhani liliitwa Kasri la Wananchi baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na baadaye likafanywa makumbusho. Jirani yake, Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa kivutio kikubwa cha Mji Mkongwe, na Desemba 25, 2020, sehemu yake iliporomoka na kuua watu wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Somo la Beit al-Ajaib ni la gharama. Jumba la kihistoria linahitaji pesa kila mwaka, na pesa hizo hupatikana kirahisi zaidi pale ambapo watu wanalijua, wanalitembelea na wanalilipia.

Kwa hiyo hoja ya gazeti hili ni rahisi. Nyumba ya taifa ni ya taifa hata wakati rais aliyemo ni mzima, anapendwa na ana miaka kadhaa ya kutawala mbele yake. Mlipakodi anayegharimia kukata nyasi zake ana haki ya kuzikanyaga walau mara moja katika maisha yake.

Mfano wa kuanzia upo Dar es Salaam. Ikulu ya Magogoni ina sifa zote zinazotakiwa. Wajerumani walijenga hapo makazi ya gavana wao, meli za Waingereza zikayapiga kwa mizinga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1922 Waingereza wakajenga upya juu ya mabaki yale, wakachanganya matao ya mwambao na mpangilio wa Kizungu. Humo ndimo magavana wa Uingereza walipotawala, na humo ndimo marais wa Tanzania wamepokea wageni kutoka kila pembe ya dunia. Ajabu ni kwamba Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe hakuipenda sana kama mahali pa kuishi. Alichagua kukaa nyumbani kwake Msasani. Bustani zake zina tausi ambao Watanzania wamewazoea kwa kuwaona katika televisheni. Mita chache kutoka hapo wapo wauza samaki wa Feri, watu ambao wamefanya kazi jirani na Ikulu kwa miaka mingi na hawajawahi kuona upande wa pili wa ukuta.

Serikali imehamia Dodoma. Magogoni bado inatumika kwa shughuli za rais anapokuwa Dar es Salaam, na hakuna anayedai ikabidhiwe kampuni ya utalii wiki ijayo. Kinachodaiwa ni mwanzo. Bustani pekee, Jumamosi moja ya kila mwezi, kwa watu waliojiandikisha kwa kitambulisho, kungetosha kuonyesha nia.

Watakaopinga watataja usalama kwanza. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina majibu yaliyokwishajaribiwa. Japani ina jumba la wageni wa kitaifa liitwalo Akasaka, mjini Tokyo, lililokamilika mwaka 1909 kwa ajili ya mrithi wa ufalme na kukarabatiwa mwaka 1974 ili lipokee marais na wafalme. Tangu mwaka 2016 liko wazi kwa umma mwaka mzima, bustani na kumbi zake. Mgeni wa kitaifa anapokuja linafungwa, anapoondoka linafunguliwa. India, ambayo rais wake anaishi katika jumba kubwa zaidi lililoachwa na Waingereza mjini Delhi, hufungua bustani zake kila mwaka wakati wa maua, bila kiingilio, na watu huingia kwa maelfu. Nchi hiyo imewahi kumpoteza waziri mkuu kwa risasi za walinzi wake mwenyewe na waziri mkuu wa zamani kwa bomu. Kama ni hofu, wanayo sababu ya kuwa nayo kuliko wengi.

Nairobi ni suala gumu zaidi, na haifai kulipita kimya. Ikulu ya Kenya ilianza kama makazi ya gavana mwaka 1907, na ina uwanja wenye miti mizee ambayo mji mzima ungeufurahia. Wakenya huingia humo kwa mwaliko: wanafunzi walioshinda mashindano ya muziki, viongozi wa dini, wajumbe wa kaunti. Lakini Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga muswada wa fedha, barabara za kuelekea Ikulu zilifungwa kwa vizuizi na polisi. Wapo watakaosema baada ya yale, kuzungumzia kumkaribisha raia bustanini ni mzaha. Inawezekana pia kusema kinyume. Raia anayejua nyumba ile tangu akiwa darasa la nne, aliyewahi kupelekwa na mwalimu wake akaona meza ambayo sheria hutiwa saini, huitazama tofauti na yule ambaye mara yake ya kwanza kuikaribia ni siku ya maandamano. Hata hivyo, ziara ya bustani haiwezi kuwa badala ya majibu kuhusu vijana waliouawa, na serikali yoyote itakayoitumia hivyo itakuwa imeikosea maana.

Entebbe ina nusu ya jambo tayari. Bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 kando ya Ziwa Victoria iko wazi kwa kila mtu, na Ikulu ipo katika mji huohuo mdogo. Kuunganisha ziara ya vitu hivyo viwili, walau kwa siku chache za mwaka, ni suala la uamuzi zaidi ya fedha.

Pale milango itakapofunguliwa, yako mambo mawili ya kuangalia mapema. La kwanza ni kiingilio. Hifadhi za Tanzania tayari zina kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, tofauti na kile cha mgeni kutoka mbali. Ikulu na makumbusho ya nchi zote wanachama zifuate utaratibu huo, ili Mrundi akifika Magogoni au Mkongomani akifika Kanombe asitozwe kama mtalii wa Ulaya. Raia anaweza kuvuka mpaka wa Namanga, kisha akafika getini kwa jirani akaambiwa yeye ni mgeni wa dola.

La pili ni maelezo yanayotolewa ndani. Hapa Addis Ababa na Kigali zimeonyesha njia, kila moja kwa namna yake, na hapa ndipo kishawishi cha kudanganya ni kikubwa. Nyumba za utawala katika ukanda huu zina picha rasmi za mapokezi na zina pia usiku wake. Zipo zilizotoa hati za kuweka watu kizuizini bila kesi. Zipo zilizosaini hukumu za kunyonga. Mwongoza wageni anayeonyesha zulia na taa za kioo peke yake atakuwa anafanya kazi ya idara ya itifaki. Kazi ya kuandika maelezo hayo wapewe wanahistoria wa vyuo vikuu, kutoka zaidi ya nchi moja, na yawekwe kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine za mahali.

Kiswahili kinahusika hata kwa Menelik. Tangu Februari 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, ambao makao yake makuu yapo Addis Ababa, kwenye kiwanja kilichokuwa gereza la Alem Bekagn. Ndiko walikopelekwa na kupigwa risasi wengi wa wale 60. Wajumbe wa Afrika Mashariki hufika katika jengo hilo kila mwaka kwa mikutano, na kutoka hapo hadi lango la Gebbi ni mwendo mfupi kwa gari. Watakapokwenda safari ijayo, watenge saa mbili, wateremke hadi vile vyumba vya chini, na wakirudi nyumbani waulize funguo za Magogoni, Nairobi na Entebbe zinashikwa na nani.